Mlango Mdogo wa Jiko

Agosti 1981, Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Mafuta yalikuwa yamepanda bei mwaka 1973 na tena 1979, na kuni na makaa vilitia watu wasiwasi. Katika miaka iliyofuata, jibu moja la Kenya lilikuwa jiko.

Jiko la kawaida la mabati lilipoteza joto jingi pembeni. Lile jipya, ambalo wazo lake lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, lilitiwa udongo uliochomwa ndani ya bati lenye kiuno chembamba. Udongo huzuia joto lisitoroke, na makaa yanayotumika hupungua kwa thuluthi hadi nusu. Kwa kuwa muundo wake haukufungwa na hataza, mafundi wa jua kali waliuiga na bei ikashuka. Wengine waliuiga vibaya, udongo ukapasuka mapema.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu jiko hili, na ripoti ninazosoma hupenda kuhesabu miti. Mimi navutiwa zaidi na hesabu ya mkebe. Anayenunua makaa kwa mkebe hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye pesa za gunia zima. Kwake, mkebe mmoja uliobaki ni unga wa kesho. Naamini jiko lilienea kwa sababu hiyo kuliko kwa huruma ya misitu.

Tena, mpishi hakufundishwa kubana matumizi na mkutano. Kabla ya 1981 alikuwa akiloweka maharagwe usiku kucha, akifunika sufuria, akifukia kaa la moto kwenye majivu ili asubuhi asianze upya. Hata jiko la kisasa humtegemea yeye. Mlango wake mdogo wa chini ukiachwa wazi baada ya chungu kuchemka, hewa huingia na makaa huisha upesi. Ukifungwa nusu, chakula huiva polepole kwa moto uleule.

Tukimwandika fundi na mfadhili peke yao, tunarithisha historia yenye pengo, na sera zinazotokana nayo humletea mpishi kifaa bila kumuuliza anapikaje. Udongo huhifadhi joto, lakini mlango hufungwa na mtu.