Kusitisha Nakala: Jumuiya ya 1977 na Deni la Wastaafu

Katika vyumba vya kompyuta kubwa za mabenki na serikali kuna amri ambayo mafundi huitoa kwa tahadhari: kusitisha unakili wa mbali. Kwa kawaida, kila kinachoandikwa kwenye diski za kituo cha kwanza hupelekwa papo hapo hadi diski za kituo cha pili, pengine katika mji mwingine, ili moto au mafuriko yakikiangamiza kimoja, kingine kibaki na hesabu zilezile. Kampuni ya EMC ya Marekani ilianza kuuza mfumo wa namna hiyo mwaka 1994, na IBM ikawa na ya kwake katika muongo huohuo. Lakini zipo nyakati ambapo unakili huo lazima usimamishwe: njia ya mawasiliano imeelemewa, kituo cha pili kinafanyiwa matengenezo, au wahusika wanataka kuijaribu nakala bila kugusa kumbukumbu kuu.

Kinachonivutia mimi, mtu wa historia, ni masharti ya amri hiyo. Diski zote zinazohusiana husitishwa kwa nukta moja. Ukiisimamisha ya leja saa nne kamili na ya malipo saa nne na dakika mbili, utapata nakala yenye malipo yasiyo na mwenyewe. Tangu nukta hiyo, kituo cha kwanza huweka alama kwenye kila sehemu ya diski inayobadilika, ili unakili ukirejea zipelekwe hizo tu. Na kabla ya kurejea, fundi makini huhifadhi kando nakala ile iliyosimama. Sehemu zilizobadilika huwasili bila kufuata mpangilio wa kuandikwa kwake, na ajali ikitokea katikati ya usawazishaji, kituo cha pili hubaki na mchanganyiko wa jana na leo usiofaa kwa lolote.

Afrika Mashariki iliwahi kusitisha mahusiano ya kumbukumbu zake kwa kiwango kikubwa, bila kutimiza hata sharti moja kati ya hayo.

Naishi Buguruni, ambako reli inapita kando ya nyumba za watu na ambako maneno “mstaafu wa Jumuiya” hayahitaji maelezo. Mkataba wa 1967 uliyagawa makao makuu ya mashirika ya pamoja: Reli na Shirika la Ndege yakabaki Nairobi, Posta na Simu ikaenda Kampala, Bandari ikaja Dar es Salaam, na makao ya Jumuiya yenyewe yakawa Arusha. Kwa hiyo mtu aliweza kufanya kazi Dar es Salaam maisha yake yote chini ya shirika ambalo hesabu zake kuu zilifungwa Nairobi. Maadamu karatasi na fedha vilisafiri kati ya kituo na makao makuu, mpangilio huo haukuwa na ubaya. Ulikuwa unakili wa mbali, kwa mkono wa karani na mfuko wa barua.

Kuvunjika kwake hakukuwa na nukta moja. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, marais watatu hawakukutana tena kama Mamlaka ya Jumuiya. Kisha ukaja mvutano wa kupeleka fedha makao makuu ya mashirika. Mwanzoni mwa 1977 ndege za pamoja zikaacha kuruka, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mafundi wa hifadhi wanaliogopa sana janga la aina hii, linalotambaa, kwa kuwa diski moja hukatika leo na nyingine kesho, huku mfumo ukiendelea kuandika kana kwamba uko salama. (Sisi wenyewe, tukumbuke, tulikuwa tumepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, miaka tisa baada ya Hazina kufunga ya kwanza nchini.)

Mpatanishi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, alifanya kazi hadi Mei 1984, mkataba wa kugawana mali na madeni ulipotiwa saini Arusha. Humo mna kifungu ninachowasomesha wanafunzi kila mwaka: kila nchi ilipe pensheni za raia wake kwa kuangalia stahiki zao katika Tarehe ya Mgawanyo. Yaani wanasheria, wakitazama nyuma, walilazimika kuibuni ile nukta moja ambayo watawala hawakuiweka. Naiona kuwa kazi ya kiungwana na ya lazima. Ila nukta iliyowekwa baada ya tukio haileti orodha ya yaliyobadilika, na wala haimlipi mtu.

Wastaafu wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na suluhu ikafikiwa Septemba 2005, miaka 28 tangu Jumuiya ivunjike. Hata baada ya hapo wazee waliendelea kuandamana jijini wakidai walipunjwa. Sitadai kwamba chanzo kilikuwa makaratasi tu. Fedha na utashi wa kisiasa vilitangulia. Lakini serikali isiyotaka kulipa hupata nafuu kubwa pale mdai anapotakiwa kuthibitisha miaka yake ya kazi, naye leja iko katika nchi nyingine. Mzigo wa ushahidi ulimwangukia mwenye karatasi chache kuliko wote.

Leo kumbukumbu zetu za mishahara, ardhi na kodi zimo katika mifumo ya kielektroniki, na tuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba nchini. Taasisi yoyote inayopeleka nakala zake ng’ambo kwa njia hizo ilikuwa katika hatari ya kusitishiwa unakili bila kutoa amri. Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, muulizeni mkuu wa kitengo chenu cha TEHAMA: siku ile nakala yetu ilisimama saa ngapi, nani aliandika saa hiyo, na yaliyobadilika hadi mawasiliano yaliporejea yako katika orodha gani?