Gome, Jani na Kipimo: Historia ya Dawa za Homa

Leo tunaweka jembe chini kidogo tuzungumze juu ya miti ya dawa. Kuna swali moja ambalo sisi mabwana shamba huulizwa kila tunapopita vijijini, na linaulizwa hivi: "Bwana shamba, wewe mwenyewe umesema dawa ya malaria ya hospitali inatokana na majani ya artemisia. Mimi ninayo artemisia hapa uani. Kwa nini nipoteze nauli kwenda zahanati? Si nichemshe tu?"

Swali hili si la kijinga hata kidogo. Ni swali la mtu anayetumia akili. Na jibu lake haliko kwenye kitabu cha daktari peke yake, liko pia kwenye historia, tena historia ya kilimo. Kwa hiyo mimi, ambaye ni mtu wa mbegu na udongo na wala si daktari, nina la kusema.

Tuanzie mbali, huko Peru, Amerika ya Kusini, kwenye milima mirefu ya Andes. Huko kuna mti ambao gome lake ni chungu mno. Huo ndio mkwinini. Katika karne ya 17, mapadre wa Kijesuiti walianza kulipeleka gome hilo Ulaya, ambako malaria ilikuwa inaua watu kama huku kwetu. Walilisaga unga, wakautia katika divai, mgonjwa akanywa. Wengine walipona upesi sana. Wengine walikunywa gome hilohilo, au walilodhani ni hilohilo, na wakafa.

Sasa sikia vizuri hapo. Kwa nini yule apone na huyu afe? Waganga wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wako waliosema gome ni uongo mtupu. Mwingereza mmoja, Robert Talbor, alijipatia utajiri kwa dawa yake ya siri. Alimtibu mfalme wa Uingereza, na mwaka 1679 akamtibu mwana wa mfalme wa Ufaransa. Mfalme Louis XIV alimlipa vizuri ili ampe siri hiyo, na Talbor alipokufa siri ikachapishwa mwaka 1682. Kumbe haikuwa siri ya ajabu. Ilikuwa gome lilelile katika divai, ila yeye alijua kulitoa kwa wingi na kwa utaratibu.

Wewe mkulima wa mihogo unaweza kuwaeleza waganga wale jambo lililowashinda. Wewe unajua kwamba kuna muhogo mtamu unaotafunwa mbichi shambani, na kuna muhogo mchungu ambao usipouloweka na kuukausha utakuua. Jani ni moja, shina ni moja, mgeni hawezi kuyatofautisha. Basi mikwinini nayo ni hivyo hivyo. Iko ya aina nyingi. Mingine ina dawa tele ndani ya gome, mingine ina uchungu tu.

Mwaka 1820, huko Paris, wataalamu wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga dawa yenyewe kutoka katika gome. Wakaiita kwinini. Tangu hapo mtu aliweza kuipima dawa kwa mizani. Hakumpa tena mgonjwa kijiko cha unga wa gome asilojua lina nini, alimpa kiasi anachokijua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku ya maana kuliko zote katika hadithi hii, ingawa miti ilikuwa ileile na homa ileile.

Lakini miti yenyewe ilibaki Amerika, na mataifa ya Ulaya yaliitaka kwa ajili ya makoloni yao. Hapo ndipo kilimo kinapoingia, na makosa ya kilimo pia. Waholanzi walipata miche, wakaipanda kisiwani Java, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia. Walipanda miti inayokaribia milioni moja au zaidi. Miti ikastawi, ikapendeza kuitazama. Walipoyapima magome wakakuta karibu hayana kwinini. Mbegu isiyofaa! Fikiria wewe umepalilia shamba miaka mingi, halafu unaambiwa ulipanda magugu.

Aliyewaokoa hakuwa Mholanzi. Ni Mwenyeji wa Bolivia aitwaye Manuel Incra Mamani, mtu aliyeijua misitu ya kwao na kuweza kutambua mti mmoja na mwingine. Alikuwa akimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mamani alingoja miaka minne, maana baridi kali iliharibu maua mwaka hadi mwaka, mpaka mbegu za ile miti bora zikakomaa. Mwaka 1865 akazileta. Serikali ya Uingereza ilipoonyeshwa mbegu hizo ilizikataa. Waholanzi wakanunua ratili moja tu. Kutokana na ratili ile yakaota mashamba ambayo magome yake yalifika asilimia 13 ya kwinini, na kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa inatoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini yote ya dunia. Na Mamani? Alipokwenda tena kutafuta mbegu alikamatwa kwao, akatiwa ndani, akapigwa, akafa. Leo mti ule unaitwa kwa jina la Ledger. Jina la Mamani hulisikii.

Sasa tuje nyumbani, maana mkwinini ulifika hata kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Wakajaribisha mimea ya kila namna, mkwinini ukiwa mmojawapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Waingereza waliifunga bahari, na meli za dawa zikawa hazifiki tena. Amani ikageuka kuwa duka la dawa la jeshi la Wajerumani. Walitengeneza vidonge vya kwinini kutokana na magome ya miti yao wenyewe. Waingereza walipoiteka njia ya reli ya Tanga mwaka 1916, Wajerumani walirudi nyuma wakibeba magome. Vidonge vilipokuwa adimu wakayachemsha magome, wakanywa maji yake. Yalikuwa machukizo kwa ladha, hata askari wakayapa jina la mzaha, pombe ya Lettow, kwa jina la jemadari wao Lettow-Vorbeck.

Angalia basi: jeshi lile lilikuwa na wataalamu na miti waliyoijua, na bado kuchemsha gome ilikuwa njia ya mwisho, ya watu waliokosa njia nyingine. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Ukipita sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, kumbuka kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hakuna jiwe lenye majina ya wale wote waliokufa kwa homa njiani.

Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Java ilitekwa na Wajapani, na kwinini ikakosekana katika sehemu kubwa ya dunia. Ikaja dawa ya kutengenezwa kiwandani, klorokwini, ambayo wengi tulimezeshwa utotoni na kuwashwa mwili mzima. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vijidudu vya malaria vya Afrika Mashariki vilikuwa vimeanza kuizoea. Tanzania iliiacha mwaka 2001.

Huku dawa hiyo ikichoka, Wachina walikuwa wameanza kazi yao kimyakimya. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliwaagiza wataalamu watafute dawa mpya ya malaria. Mmoja wao ni mama aitwaye Tu Youyou. Yeye hakuwadharau wazee. Alikusanya maelekezo ya waganga wa jadi yapatayo 2,000, akapitia vitabu vya kale. Katika kitabu kimoja cha karne ya 4, cha mganga Ge Hong, akakuta maelekezo ya mmea ambao sisi tunauita artemisia, ndugu yake pakanga: loweka konzi moja katika maji, kamua, kunywa maji yote. Kukamua, wala si kuchemsha! Tu Youyou akajiuliza kama moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa katika majaribio yake ya mwanzo. Akabadili njia, akaitoa dawa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1971 sampuli yake ya 191 iliwaponya panya wote wenye malaria. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ndiyo hiyo dawa ya mseto tunayopewa zahanati. Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006. Na wakulima wa kaskazini mwa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda walilima artemisia kwa ajili ya viwanda. Wengine waliumia. Mwaka 2005 bei ya kilo moja ya dawa iliyokamuliwa ilipita dola 1,000, kila mtu akakimbilia kupanda, na mwaka 2007 ikawa imeshuka hadi karibu dola 200. Hayo ya bei ni mazungumzo ya siku nyingine.

Waliolima wanajua jambo ambalo mwenye kamche kamoja uani halijui. Kiwanda hakikupokea majani yoyote tu. Kuna mbegu yenye dawa nyingi na kuna mbegu yenye dawa kidogo sana. Yanategemea pia umeyavuna lini, kabla ya maua au baada yake, na umeyakaushaje. Zaidi ya hayo, dawa yenyewe haipendi maji. Ukichemsha chai, sehemu kubwa inabaki katika makapi unayoyatupa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kongo, ambako wagonjwa walipewa chai ya artemisia. Baada ya siku 7, wagonjwa 74 hivi katika kila 100 walionekana wamepona, wakati waliopewa kwinini walikuwa 91. Lakini baadaye malaria iliwarudia wengi wa wale wa chai.

Kwa hiyo mtu anapokuambia, "Mimi nilikunywa nikapona," usimwite mwongo. Huenda alipata nafuu kweli. Tatizo ni vile vijidudu vilivyobaki. Wafugaji mnalijua jambo hili kwa kupe. Dawa ya josho ikitiwa maji mengi kupita kiasi, kupe dhaifu wanakufa na wenye nguvu wanabaki, wanazaana, na baada ya muda dawa ileile hata ukiitia kwa kipimo kamili hawaisikii. Vijidudu vya malaria ni hivyo hivyo. Tayari Rwanda, Uganda na Tanzania, hasa upande wa Kagera, wameonekana vijidudu vilivyoanza kuizoea dawa hii. Tukiipoteza hii, si rahisi kupata nyingine ya namna yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo mwaka 2019 kwamba halikubali chai na unga wa artemisia kutumiwa kutibu wala kuzuia malaria. Wako waliosema ni hila za wenye viwanda. Mimi naona hoja ya kupe inatosha.

Na mwarobaini je? Mti huu ulitoka India, na pwani yetu hukosi kuuona uani. Jina linajieleza, eti unatibu maradhi arobaini. Mimi naupenda kwa kazi ya shamba: majani makavu katika maharage ya ghalani, na maji ya mbegu zilizotwangwa kwa wadudu wa mboga. Kwa hayo una sifa zake za haki. Ila mafuta yake usimnyweshe mtoto mchanga, hata kwa tone. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto waliopewa mafuta hayo kwa nia njema, wakapata degedege na kuharibika ini, na wengine wakafa.

Msifikiri ninawavunjia heshima waganga wa jadi. Pale Muhimbili kimekuwako tangu mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa zetu za asili, na kazi yake ni ileile ya Paris na ya Beijing, kuuliza ndani ya mzizi huu mna nini na kiasi gani. Na nyumbani kuna kazi nyingi za kufanya ambazo hazihitaji mizani: chandarua kila usiku, uji mwepesi kwa mgonjwa asiye na hamu, maji ya kunywa mara kwa mara, kitambaa cha maji ya uvuguvugu mwilini, tangawizi kwa mtu mzima mwenye kikohozi.

Homa ya mtoto ni jambo jingine. Mpeleke akatobolewe kidole apimwe siku hiyohiyo. Akipewa mseto ni mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula, na vidonge vya siku ya tatu usimwekee jirani hata kama mtoto anacheza. Akishikwa na degedege usiseme ni shetani wala usingoje kupambazuke. Na mkifika, mwambie muuguzi kila alichonyweshwa nyumbani, jani gani na vikombe vingapi, bila kuona haya, maana naye anahitaji kujua kiasi.