Ajali za malori makubwa, Tarime na Serengeti
Ajali za malori makubwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huelezwa kwa haraka kuwa ni uzembe wa dereva. Maelezo hayo hayatoshi. Kati ya mpaka wa Sirari, mgodi wa North Mara huko Nyamongo na mji wa Mugumu kuna vilima. Lori linaloteremka bila gia nzito hupata moto kwenye breki hadi zisishike, na uzito uliozidi (kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56) huharakisha hatari hiyo. Itadaiwa kwamba gia huchaguliwa na dereva. Ni kweli, lakini mzigo, matengenezo na muda wa kupumzika mara nyingi huamuliwa na mwenye lori, na ukaguzi unaoishia kwenye leseni ya dereva hauyagusi hayo.