Feromoni: nina deni kwa Kidato cha Tatu

Leo sina stori za foleni ya kantini. Leo naungama.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa naeleza jinsi nondo dume anavyomfuata jike kwa harufu. Dogo mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na sisi watu tunayo hiyo kitu?" Darasa zima kicheko. Mimi bila wasiwasi nikajibu, "Ndiyo, imeshathibitishwa."

Wiki hii nimekaa maktaba kutafuta ilithibitishwa lini. Jamani!

Neno feromoni lilibuniwa 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher. Mwaka huohuo Mjerumani Adolf Butenandt akatangaza ya kwanza kujulikana kikemia: bombikoli, ya nondo wa hariri. Ilichukua kama miaka 20 na nondo jike karibu laki tano. Ukimpa dume kemikali hiyo peke yake, anapiga mabawa kama amemwona jike. Huo ndio ushahidi.

Kwa binadamu je? 1971 Martha McClintock aliandika kuhusu wanawake 135 wa hosteli moja ya chuo huko Marekani, kwamba marafiki wa karibu siku zao za hedhi zilisogeleana. Watu wakasema feromoni hiyo! Tafiti nyingi za baadaye zikashindwa kuthibitisha.

1995 huko Uswisi, Claus Wedekind akawanusisha wasichana fulana zilizovaliwa na wanaume usiku mbili. Wengi walipenda harufu ya mwanaume mwenye jeni za kinga tofauti na zao, ila waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango ikawa kinyume. Inavutia, lakini hiyo ni harufu ya mtu na mtu. Feromoni ni ishara moja kwa spishi nzima.

2015 Tristram Wyatt wa Oxford alipitia madai yote, akakuta hakuna molekuli hata moja ya binadamu iliyothibitishwa. Alisema tuanzie kwa mtoto mchanga, anavyoitikia harufu ya tezi za titi la mama anayenyonyesha. Wakati huo manukato "ya feromoni" yanauzwa kama njugu.

Nondo alifanyiwa kazi miaka 20. Mimi nilijibu kwa sekunde mbili, na dogo akaandika kwenye daftari.

Namba ya mwalimu wa darasa lile bado ninayo. Kesho nampigia.

Usiku mwema.