Shule Mbili za Hyde

Neno "kuunganisha" lina adabu sana. Unaunganisha nyaya, unaunganisha nguvu, unaunganisha koo mbili kwa ndoa. Ukilisikia unawaza vitu viwili vinavyokutana katikati. Labda ndiyo maana wakubwa wakitaka kufunga shule ya kijiji hawasemi wanaifunga, wanasema wanaiunganisha na nyingine. Na wazazi wakigoma, sisi wa vyumba vya habari tuna kichwa chetu tayari: "Wazazi wapinga kuunganishwa kwa shule." Msomaji akishakiona anajimalizia hadithi mwenyewe. Watu wa mashambani hao, wagumu, maendeleo hawayataki.

Kuna kitabu kinachoipindua hadithi hiyo, na nimekuwa nacho mkononi kwa wiki kadhaa sasa. Kinaitwa Along Freedom Road, cha mwanahistoria David Cecelski, kilichotoka 1994. Kinasimulia kaunti moja tu, Hyde, huko pwani ya North Carolina, Marekani. Ni sehemu ya vinamasi na mashamba, na ya wavuvi wa kaa na chaza. Katikati yake kuna Ziwa Mattamuskeet, ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote katika jimbo hilo. Ni mbali na kila kitu, na watu wake walikuwa maskini. Huko, mwaka 1968, Wamarekani Weusi waliwatoa watoto wao shuleni kwa mwaka mzima wa masomo, wakipinga mpango wa kuzikunja shule zao ndani ya shule ya Wazungu.

Hebu isome tena sentensi hiyo. Waliokataa ni Weusi.

Kwa mtu anayeijua historia ya Marekani kwa juujuu, hilo linaonekana kama kosa la mpiga chapa. Tumezoea picha za Little Rock, 1957: wanafunzi tisa Weusi wanaingia shuleni chini ya ulinzi wa wanajeshi, na kundi la Wazungu linawazomea. Mahakama Kuu ilikuwa imeamua tangu 1954 kwamba kuwatenga watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba. Basi mtu Mweusi apinge vipi kitu ambacho watu wake walikipigania kwa miaka hiyo yote?

Jibu liko kwenye namna kilivyoletwa. Baada ya 1954, kaunti nyingi za Kusini zilivuta miguu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Zilibuni kitu kilichoitwa uhuru wa kuchagua: kila mzazi achague shule anayoitaka. Karatasini ni kizuri. Ila mzazi Mweusi aliyechagua shule ya Wazungu alijua fika kwamba mwajiri wake, mwenye shamba analolima na mwenye duka linalomkopesha wote wangepata habari. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikaipa serikali ya Washington uwezo wa kuzinyima fedha shule zinazobagua, na Mei 1968 Mahakama Kuu ikatamka, katika kesi iliyotoka kaunti ya New Kent, Virginia, kwamba huo uhuru wa kuchagua hautoshi kama hauzai matokeo. Bodi ya elimu ya Hyde ikalazimika kuwa na mpango.

Mpango wenyewe ndio huu: shule mbili za Weusi, O.A. Peay na Davis, zifungwe, watoto wote waende Mattamuskeet, shule ya Wazungu. Basi. Upande wa pili haukufunga hata darasa moja. Hapo kwa Kiswahili cha kawaida hakuna muungano, kuna kumezwa.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka ujue shule hizo zilikuwa kitu gani kwa wenyewe. Kusini yote, shule za Weusi zilijengwa kwa njia ambayo Mkenya anaielewa bila kufafanuliwa: harambee. Mfuko wa tajiri Julius Rosenwald, wa kampuni ya Sears, ulisaidia kujenga karibu shule 5,000 katika majimbo 15 hadi kufikia 1932, na North Carolina ilipata nyingi kuliko jimbo lolote. Majengo yakaitwa kwa jina la tajiri. Lakini ukiangalia hesabu, mfuko ulitoa kama dola milioni 4.3, na wanakijiji Weusi wenyewe walitoa kama milioni 4.7, ukiachilia mbali mbao walizopasua na siku walizofanya kazi bila ujira. Hao hao walikuwa wanalipa kodi kama watu wengine, kodi zilizokwenda zaidi kwenye shule za Wazungu. Yaani walilipia mara mbili.

(Nitoke nje kidogo. Hatuko mbali na habari hii kama tunavyodhani. Shule hizo za vijijini zilisimamiwa na walimu walioitwa walimu wa Jeanes, na mfumo wao ndio ulioletwa Kenya 1925, ukazaa Jeanes School pale Kabete, mahali palipo Kenya School of Government leo. Mwaka mmoja kabla yake alipita Dk. Aggrey na tume ya Phelps-Stokes kukagua elimu ya Waafrika. Na yeye, mwana wa Gold Coast, alisoma na kufundisha chuoni Livingstone, huko huko North Carolina. Wakoloni walichukua kutoka kule walichokitaka. Hii sehemu ya watu kujijengea na kuwa na sauti, sioni kama waliitaka sana.)

Sasa rudi Hyde. Shule ya O.A. Peay ilibeba jina la mwalimu mkuu wake wa zamani. Mtoto Mweusi wa kaunti ile, ambaye kila ofisi aliyoiona ilikaliwa na Mzungu, aliingia kila asubuhi chini ya jina la mtu Mweusi msomi. Walimu walikuwa majirani wa wazazi wake na waumini wenzao. Ukumbi wa shule ndio ulikuwa ukumbi wa jamii nzima. Kuifunga ilikuwa kuing'oa nguzo ya katikati ya nyumba, halafu kuwaambia wenyewe washukuru kwa sababu wanahamishiwa kwenye nyumba ya jirani. Jirani mwenyewe ni yule aliyekuwa hawataki.

Mgomo ulianza shule zilipofunguliwa 1968. Karibu watoto wote Weusi walibaki nyumbani. Makanisa yakageuka madarasa. Golden Frinks, mhamasishaji wa jumuiya ya Martin Luther King, alikuja kutoka Edenton kusaidia kupanga maandamano, na kwa miezi mitano yalifanyika kila siku. Wanafunzi wenyewe walikuwa mstari wa mbele. Polisi walitumia vitoa machozi na jela zikajaa. Mara mbili waliandamana hadi Raleigh, makao makuu ya jimbo. Kisha kundi la Ku Klux Klan lilipokuja kuwatisha, watu walijibu kwa bunduki na kulifukuza kaunti nzima. Cecelski haifichi sehemu hiyo, na nampongeza. Tumeshazoeshwa kusimuliwa harakati zile kama ibada ndefu ya nyimbo na kushikana mikono, kumbe kwenye vijiji kama hivi mtu aliimba mchana na usiku akalala na bunduki karibu na mlango.

Kinachonikaa rohoni zaidi ni bei. Mwaka mmoja wa masomo si kitu cha kuchezea kwa mtoto wa mvuvi maskini. Wazazi hawa waliiheshimu elimu kuliko wengi wetu, mababu zao walijinyima ili shule ziwepo, na ndio walioamua watoto wakose shule. Huwezi kuwaita wajinga. Walipiga hesabu kwamba mwaka mmoja unaweza kufidiwa, lakini shule ikishafungwa, na walimu wakishatawanyika, hairudi. Mimi nimejaribu kujiuliza ningemtoa mwanangu, na jibu langu hubadilika kila siku.

Mwisho wake uliletwa na mambo ya fedha, na una kichekesho chake. Mattamuskeet haikuwa na nafasi ya kutosha watoto wote. Kaunti ingehitaji kukopa ili kuipanua, na mkopo ulihitaji ridhaa ya wapiga kura. Novemba 1969 kura ikapigwa, mkopo ukaangushwa. Weusi waliukataa ili waokoe shule zao. Wazungu wengi nao waliukataa, kwa sababu zao wenyewe, ambazo hazikuwa za kuwapenda Weusi. Bila fedha za kujenga, mpango ukafa. Peay na Davis zikabaki wazi, na shule zikachanganywa bila moja kuimeza nyingine. Watoto walikuwa wamesharudi darasani.

Kwingine mambo yalikwenda kama bodi zilivyotaka. Shule za Weusi zilifungwa moja baada ya nyingine, au zikashushwa daraja na kubadilishwa jina ili mtoto wa Kizungu asisome chini ya jina la mtu Mweusi. Vikombe vya michezo na picha za wahitimu zikaishia stoo au jalalani. Mwaka 1963 North Carolina ilikuwa na walimu wakuu Weusi 620 katika shule za msingi. Kufikia 1970 walibaki 170. Katika sekondari walikuwa 209, na kufikia 1973 walikuwa watatu. Wengine walipewa unaibu chini ya wakuu wa Kizungu, wengine wakarudishwa darasani, na wengine wakaambiwa tu kwamba kazi hakuna.