Tarehe ya Muziki wa Rangi: Tangu Kinanda cha Castel Hadi Banda la Brussels

Mwaka 1958, mji wa Brussels ulipofungua Maonyesho ya Dunia, kampuni ya Philips ya Uholanzi, ambayo rizki yake ilikuwa taa, redio na vipaza sauti, haikupanga bidhaa zake mezani kama walivyofanya wengine, bali ilisimamisha banda la saruji lenye vilele vitatu, kuta zake zimepinda mfano wa matanga yaliyojaa upepo. Na ndani ya banda hilo watu wapatao 500 kwa zamu walisimama gizani kwa muda wa dakika nane, wakimiminiwa rangi, picha na sauti kutoka kila upande. Waliotoka mle walitofautiana sana katika kulihukumu, wako waliosifu na wako waliochukizwa, lakini hapana aliyeweza kusema kwamba alikwisha kuona kitu cha jinsi ile.

Nasaba ya banda lile ni ndefu. Wapo binadamu, si wengi, ambao hisi zao hazikutengwa kama zilivyotengwa zetu: asikiapo sauti ya kinanda mmoja wao huona rangi, na mwingine asomapo herufi huikuta imekwisha vaa nyekundu au kijani ingawa wino ni mweusi. Hali hiyo wataalamu huiita sinesthesia. Daktari wa Kijerumani, Georg Sachs, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuieleza kwa kalamu ya elimu, katika tasnifu yake ya mwaka 1812, ambamo aliandika habari za maumbile yake mwenyewe na ya dada yake, maana wote wawili walikuwa zeruzeru. Na katikati ya maelezo ya ngozi na macho akataja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa herufi, hesabu, siku za juma na sauti za muziki zilimjia akilini na rangi zake.

Lakini tamaa ya kuunganisha nuru na sauti ilitangulia elimu hiyo kwa karne nzima. Isaac Newton, katika kitabu chake cha nuru cha mwaka 1704, aligawa rangi za upinde wa mvua katika mafungu saba, na mipaka ya mafungu hayo akaipima kwa kadiri ya ngazi ya muziki. Kwa fikira hiyo padri Mjesuiti wa Ufaransa, Louis-Bertrand Castel, aliyekuwa pia mwanahisabati, alitangaza mwaka 1725 kinanda cha macho, ambacho kila kibonyezo kikiguswa kingefunua rangi yake, hata kiziwi naye apate fungu lake la ladha ya muziki. Mtunzi Telemann alikiandikia maelezo ya heshima mwaka 1739, na Voltaire akakifanyia mzaha. Castel mwenyewe alikihangaikia hata akafariki mwaka 1757 kabla hakijawaridhisha watu. Msanii Mwingereza, Alexander Wallace Rimington, aliyejipatia hataza ya kinanda chake mwaka 1893, alikuwa na neema ambayo Castel hakuijaliwa, nayo ni umeme.

Tatizo hata hivyo halikuwa mishumaa wala umeme. Katika jedwali la Castel sauti ya do ni samawati na sol ni nyekundu. Katika jedwali la mtunzi Mrusi Alexander Scriabin do ndiyo nyekundu, na sol ni rangi ya machungwa. Nani mwenye haki? Mtunzi mwenzake, Sergei Rachmaninoff, aliwahi kusimulia jinsi alivyoketi mkahawani Paris mwaka 1907 pamoja na Scriabin na mzee Rimsky-Korsakov, na wale wawili wakashindana juu ya rangi za muziki kwa yakini ya watu wanaobishania kitu kilichopo mbele ya macho yao. Walipatana katika re kubwa tu, wote wakiiona ya dhahabu. Na Rachmaninoff alipotia shaka wakamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, katika opera yake ya yule bahili, alikuwa amechagua re kubwa pale masanduku ya hazina yanapofunguliwa.

Scriabin alikata shauri kuutia ubishi huo katika kazi. Muziki wake wa Prometheus, aliomaliza mwaka 1910, una mstari wa noti uliowekewa nuru peke yake, kana kwamba nuru ni ala miongoni mwa ala za okestra. Ulipopigwa Moscow mwaka 1911 nuru haikuwapo. Ilipatikana katika ukumbi wa Carnegie, New York, Machi 1915, lakini badala ya kuufunika ukumbi mzima kama alivyotamani mtunzi, rangi zilitupwa juu ya kitambaa mbele ya wasikilizaji, na watu wengi hawakuona uhusiano wake na muziki waliokuwa wakiusikia. Mtunzi mwenyewe hakuhudhuria, na mwezi uliofuata akafa.

Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Simon Baron-Cohen na wenzake, ulioanza kuchapishwa mwaka 1987, ulionyesha sababu ya ubishi ule wa mkahawani: mwenye sinesthesia akiulizwa leo, kisha akaulizwa tena baada ya muda mrefu bila ya kuonywa, hurudia rangi zile zile karibu bila kukosea, ilhali jirani yake mwenye hali kama hiyo naye ni thabiti vile vile katika rangi nyingine kabisa. Basi kila jedwali ni la mtu mmoja, na kulilazimisha juu ya hadhira ni sawa na kuwalazimisha watu waote ndoto ya mwingine.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa kazi ya Brussels. Philips walimwendea Le Corbusier, msanifu majengo mwenye jina kubwa, wakitaka banda zuri. Naye akajibu kwamba atawapa shairi la umeme pamoja na chombo cha kulitilia. Muziki akautaka kwa Edgard Varèse, mzee wa miaka zaidi ya sabini ambaye kwa muda mrefu alitamani mitambo ambayo haijaundwa bado; wakuu wa kampuni walipochukizwa na sauti zake na kutaka mtunzi mpole zaidi, Le Corbusier alitishia kujitoa yeye mwenyewe, nao wakanyamaza. Sanaa ya kuta aliiacha mikononi mwa msaidizi wake, Iannis Xenakis, mhandisi Mgiriki aliyepoteza jicho katika vita na kuhukumiwa kifo kwao baada ya kukimbilia Paris mwaka 1947. Huko alisoma kwa Olivier Messiaen, mtunzi ambaye mwenyewe aliona rangi katika sauti, na ambaye, badala ya kumrudisha katika masomo ya chuo, alimshauri autumie uhandisi na hisabati zake katika muziki. Xenakis akafanya hivyo: katika Metastaseis, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1955, fidla nyingi huteleza kutoka sauti hadi sauti, kila moja kwa mwendo wake, na zikichorwa katika karatasi huwa mistari iliyonyooka inayofuma uso uliopinda. Mistari ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyozaa kuta za banda. Sauti iligeuka saruji, jambo ambalo Castel hakulifikiria.

Ndani, vipaza sauti zaidi ya 300 viliifanya sauti itembee ukutani na darini, na rangi nazo zikabadilika dakika kwa dakika kwa mpango alioandika Le Corbusier. Lakini Varèse alitunga Eindhoven na Le Corbusier akachagua picha zake mbali naye, na walichopatana hasa kilikuwa urefu wa muda. Hapakuwa na jedwali. Palipotokea picha ya sanamu na mlio wa kengele kwa pamoja, akili ya mtazamaji ndiyo iliyofunga ndoa hiyo, na pengine jirani yake hakuiona.

Sehemu ya saba na ya mwisho ya picha hizo iliitwa kwa jina la wanadamu wote. Haifai kunyamaza kwamba katika maonyesho yale yale Wakongo waliwekwa katika kijiji cha mianzi ili watazamwe na wapita njia, hata matusi yalipowazidi wakakataa na kuondoka kabla maonyesho hayajafungwa.

Banda lilibomolewa Januari 1959, na mwaka huo huo Xenakis, aliyegombana na Le Corbusier juu ya nani atajwe kuwa msanifu wake, aliiacha ofisi ile. Katika maonyesho ya Montréal ya mwaka 1967 alipewa nafasi ya kushika nuru na sauti zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, akatandika nyaya za chuma ndani ya banda la Ufaransa na kuzitungika taa 1,200. Angeweza sasa kuzifunga pamoja kama alivyotaka Castel. Badala yake aliacha muziki uteleze pasi na kukatika, na taa zimeke nukta kwa nukta kwa hesabu yake nyingine, kila kimoja kikishika njia yake.