Masasi 1971: Kisomo Kilichokosa Vitabu

Katika historia ya elimu nchini, Masasi inastahili kutajwa mara mbili. Mara ya kwanza ni 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipofika huko na watu waliokombolewa kutoka utumwani, na shule ikafuata kanisa. Mara ya pili ni 1971. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta kabisa hali ya kutojua kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Masasi ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia na Ukerewe.

Mwaka huohuo TANU iliazimia kwamba nchi nzima ifikie lengo hilo mwishoni mwa 1975. Madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa chini ya miembe, maofisini na katika majengo ya shule baada ya watoto kwenda nyumbani. Matokeo hayakuwa haba. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha asilimia 39, na ule wa 1986 asilimia 9.6 tu.

Hata hivyo, sensa ya 2002 ilikuta takribani watu watatu kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Vipimo hivyo viwili havikufanana, na tusivilinganishe kana kwamba ni kimoja. Lakini pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa tofauti ya vipimo peke yake. Uchumi uliyumba katika miaka ya 1980, fedha za kisomo zikapungua, na maktaba nyingi za vijiji zilizozaliwa na kampeni zikakosa vitabu vipya. Aliyehitimu ngumbaru alirudi kwenye kijiji kisicho na gazeti wala kitabu. Kusoma ni kama jembe: lisipotumika hushika kutu.

Hapa ndipo tulipokosea. Tulikifanya kisomo kuwa vita yenye tarehe ya ushindi, ilhali ni shughuli ya kila siku inayohitaji kulishwa. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, kabla ya kampeni; lakini huduma ya maktaba haikuteremka hadi kijijini kwa kasi ileile ya madarasa.

Gharama ya kosa hilo haikubaki katika vitabu vya historia. Jirani na Masasi, katika wilaya ya Newala, iko kata ya Chilangala, katika uwanda wa Makonde unaotegemea korosho. Tangu msimu wa 2007/08, korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hukabidhi mzigo wake kwa chama cha msingi, hupokea karatasi yenye uzito na daraja, kisha husubiri malipo yaliyokwisha kukatwa tozo. Asiyeweza kuisoma karatasi hiyo hulazimika kuamini anachoambiwa. Anaweza kuwa ameambiwa kweli. Lakini hana njia ya kuhakiki.

Nyenzo za kuanzia zipo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, vipo Masasi na Newala. Vyama vya msingi vina ofisi na maghala yanayobaki matupu msimu ukiisha. Mtumishi wa halmashauri anaweza kutenga fungu la vitabu katika bajeti. Mwanaharakati anaweza kuomba makato yabandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi. Mwanafunzi wa likizo anaweza kuyasoma pamoja na wazee wake.

Wazee wa 1971 walitimiza wajibu wao: walikaa darasani baada ya jua la shambani. Deni lililobaki ni letu, nalo ni kuwapa watoto na wajukuu wao kitu cha kusoma.